Mlazeni Chali, Pua Iwe Wazi

Binti zangu wa Karagita, Kamere, Kwa Muhia na Kihoto, na nyinyi vijana mnaoitwa baba kwa mara ya kwanza mwaka huu, nina neno nanyi kuhusu usingizi wa mtoto mchanga. Najua mnaliona jambo dogo. Mtoto hushiba, hufumba macho, mama akapata nafasi ya kufua. Lakini mimi nimekaa Naivasha tangu mashamba ya maua yalipokuwa machache. Nimepanga waridi kwenye pakihausi mpaka vidole vikakataa, kisha nikawa mhudumu wa afya wa kujitolea, nabisha mlango baada ya mlango kwenye ploti hizi, rejista kwapani. Nimeingia nyumba ambazo jioni mtoto alikuwa mzima, amenyonya, amecheka na ndugu zake, na asubuhi akakutwa amekuwa baridi kitandani bila homa, bila kikohozi, bila alama yoyote mwilini. Uso u kwenye godoro, au blanketi limempita kichwa.

Mmezoea kuambiwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika jambo hili mkuu naye ana la kusikia, na guu linalovunjika si la mama wala la shosho. Kwa hiyo maneno haya nawapa nyinyi vijana, lakini shosho akija kutoka Kinangop au Gilgil kumpokea mjukuu, mketi naye myazungumze kabla hajaanza kumlaza mtoto kwa namna aliyowalaza nyinyi.

Nisikilizeni basi. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka alazwe chali, usiku na mchana, kila mara anapolala. Alazwe juu ya kitu kigumu, bapa, kisicho na mto, kisicho na mdoli, kisicho na shali nene ya kuvutwa usoni. Awe karibu na mama, chumba kimoja, ila awe na nafasi yake. Uso usifunikwe.

Najua mtakaloulizwa. Akicheua maziwa akiwa chali, si atapaliwa afe? Hiyo ndiyo hofu iliyowageuza watoto kifudifudi katika nyumba nyingi, na ni hofu ya mapenzi, kwa hiyo siicheki. Ila mwili haukuumbwa hivyo. Shingoni mwa mtoto kuna njia mbili: ya hewa iko mbele, ya chakula iko nyuma, upande wa uti wa mgongo. Ukimlaza chali, njia ya hewa inakuwa juu na ya chakula inakuwa chini. Maziwa yakipanda kutoka tumboni, yatalazimika kupanda tena ndiyo yaifikie njia ya hewa. Hayawezi kwa urahisi, na mtoto atameza au atakohoa ayateme. Ukimlaza kifudifudi umeupindua mpango huo: sasa njia ya hewa ndiyo iko chini, na maziwa yanayorudi yanatuama pale pale kwenye mlango wake. Hata mtoto anayecheua sana, kliniki watakwambia umlaze chali. Mcheushe kwanza begani, subiri kidogo, kisha mlaze. Na usimwinue kichwa kwa mto ukidhani unamsaidia, kwa maana shingo yake ni laini. Kidevu kikidondokea kifuani, hewa inabanwa.

Wengine hutafuta njia ya katikati, wakamlaza ubavu na kumwegemeza nguo mgongoni. Ubavu ni kituo cha njiani. Mtoto wa miezi 2 akijitikisa kidogo anaangukia tumbo, na kujirudisha hawezi.

Msidhani ni wazee wa kijijini peke yao waliokosea. Mwaka 1958 kitabu cha malezi cha Daktari Benjamin Spock, kilichokuwa katika nyumba chungu nzima za Marekani, kiliwashauri wazazi wawalaze watoto kifudifudi, kwa hofu ile ile ya matapishi. Ulaya na Australia wakafuata. Watoto wakafa kwa maelfu vitandani mwao, wenyewe wakaviita vifo vya kitandani, na madaktari wakatafuta sababu kwenye maziwa, kwenye virusi, kwenye moyo. Hong Kong, ambako kwa desturi watoto walilazwa chali, vifo hivyo vilikuwa nadra, na daktari mmoja huko aliandika hivyo mwaka 1985. Susan Beal alikuwa Adelaide akienda nyumba kwa nyumba kwa waliofiwa, akiuliza mtoto alikutwa amelalaje. New Zealand wakachunguza vifo vya kuanzia 1987 hadi 1990. Peter Fleming na wenzake wakachunguza vyao kule Bristol, Uingereza. Majibu yalikuwa yanafanana: kifudifudi, joto la kupita kiasi, moshi wa sigara.

Hata hivyo serikali hazikuharakisha. Uingereza ilisukumwa na mama mmoja, mtangazaji wa televisheni Anne Diamond, aliyefiwa na mwanawe Sebastian mwaka 1991 akakataa kunyamaza. Mwisho wa mwaka huo kampeni ya kuwaambia wazazi wawalaze watoto chali ikaanza, na katika miaka michache vifo vikapungua kwa zaidi ya nusu. Marekani walianza kampeni yao mwaka 1994, nako vikapungua kwa takribani nusu. Si chanjo mpya wala dawa mpya iliyovipunguza. Mwaka 2005 mtafiti Ruth Gilbert na wenzake walirudi kupekua makaratasi ya zamani, wakaonyesha kwamba ushahidi ulikuwepo tangu 1970. Kama ungekusanywa na kusikilizwa wakati huo, watoto zaidi ya 10,000 wa Uingereza wangepona, na si chini ya 50,000 ukijumlisha Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand. Basi shosho akiona haya kubadili alichokizoea, mwambieni maprofesa walichelewa miaka ishirini.

Kwa nini kifudifudi kinaua? Pua ikizama kwenye godoro laini au kwenye blanketi, mtoto anavuta tena na tena ile hewa aliyoitoa mwenyewe, iliyokwisha uzima wake. Mimi na wewe tukiishiwa hewa usingizini, ubongo hupiga kengele, tunashtuka, tunageuka. Kuna watoto ambao kengele hiyo haijakomaa, na kwa macho huwezi kuwatambua: wananyonya, wananenepa, wanacheka sawa na wengine. Kipindi kibaya zaidi ni mwezi wa 2 hadi wa 4. Vifo vingi sana vya namna hii hutokea kabla ya miezi 6. Ushikeni huo mwezi wa 2 hadi wa 4, nitaurudia.

Sasa tuje kwenye baridi yetu. Naivasha iko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mchana jua linachoma bondeni, watalii wanavaa kaptura kule Hell's Gate, lakini usiku wa Juni na Julai upepo unashuka kutoka Nyandarua na kuingia kwenye mwanya wa kila bati. Mama wa huku hamwogopi mbu kama mama wa Kisumu anavyomwogopa. Anachokiogopa ni nimonia. Kwa hiyo mtoto anavishwa fulana, sweta, sweta la pili, soksi, boshori, anafungwa shali, anawekwa chini ya blanketi la watu wazima, na juu ya hilo linaongezwa lingine zito. Ukimfunua saa sita usiku, mgongo umelowa jasho.

Binti zangu, joto la kupita kiasi nalo ni hatari kwenye usingizi, na blanketi zito lina hatari mbili, kwa sababu linapasha na linaziba. Mtoto mchanga hupunguza joto kwa kichwa na uso. Ukimvika boshori ndani ya nyumba akiwa amelala umelifunga dirisha lake, na boshori lenyewe huteremka likaziba pua. Boshori ni la njiani, mnapokwenda kliniki asubuhi. Akilala livue. Kipimo ni hiki: nguo zake zizidi zako kwa tabaka moja tu. Ile nguo ya kipande kimoja yenye miguu, inayopatikana kwenye mitumba kwa bei ya kawaida, inamtosha kuliko blanketi tatu, kwa kuwa haiwezi kumpanda usoni. Ukilazimika kutumia blanketi, liwe jepesi, limfikie kifuani, mikono iwe nje, pembe zake zichomekwe chini ya godoro, na miguu yake ifike mwisho wa kitanda ili asiteremke akazama ndani. Ukitaka kujua kama anasikia baridi, usishike vidole. Vidole vya mtoto huwa baridi hata akiwa salama. Ingiza mkono kwenye shingo, upande wa nyuma, au kifuani. Pakiwa na vuguvugu kavu, mwache. Pakiwa na jasho, punguza nguo.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ana hesabu yake. Huyo baridi inamuua kweli, na ndiyo maana hospitali zinafundisha huduma ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978: mtoto kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Mfuate muuguzi alivyokuonyesha, na mtu mwingine wa nyumbani akusaidie ukichoka. Ila kuna jambo linalowapotosha mama hawa. Kule wodini wanawaona watoto wadogo wamelazwa kifudifudi, wanarudi nyumbani wanafanya hivyo hivyo. Wodini kuna mtu anamwangalia usiku kucha na mara nyingi kuna mashine ya kupima pumzi. Kwako hakuna. Akitoka hospitali analazwa chali.

Na jiko? Hapa sitabembeleza mtu. Jiko la makaa haliingii kwenye chumba anacholala mtoto, na haliingii kwenye chumba anacholala yeyote. Karibu kila msimu wa baridi magazeti ya nchi hii huandika kuhusu familia iliyofunga mlango, ikaziba madirisha kwa matambara, ikalala na jiko, isiamke. Makaa yanayowaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, ikaishika damu na kuizuia kubeba hewa safi. Mtoto mchanga anapumua haraka kuliko wewe, kwa hiyo huivuta upesi zaidi. Msiseme makaa yameiva hayatoi moshi. Moshi mnaouona siyo gesi ninayoisema. Pasheni nyumba jioni kwa kupika mlango ukiwa wazi, kisha jiko litoke nje, libaki nje. Baba anayevuta sigara naye avutie nje, na akirudi abadilishe shati kabla ya kumpakata mtoto. Moshi wa sigara nao nimeutaja hapo juu kati ya yale yaliyoonekana kwenye chunguzi, na hatari yake ni kubwa hasa mama akivuta akiwa na mimba.

Nimefika kwenye kitanda, na hapa wataalamu wengi huzungumza na watu wasiowajua. Wanasema mtoto awe na kitanda chake. Vizuri sana. Lakini ploti ya Karagita ni chumba kimoja, pazia katikati, upande mmoja kitanda cha futi nne kwa sita, upande wa pili kochi, meza na mtungi wa gesi. Kwenye kitanda hicho wanalala mama, baba, mtoto wa miaka 3, na sasa mgeni. Mama huyo nikimwambia anunue kitanda cha mtoto nitakuwa nimemtukana.

Kwa hiyo nitasema kwa ngazi. Iliyo bora ni mtoto awe na mahali pake ndani ya chumba chenu. Mahali hapo si lazima pawe na miguu minne na bei ya dukani. Finland walianza mwaka 1938 kuwapa kina mama wasio na uwezo zawadi ya vifaa vya mtoto, na katoni ya kuvibebea ikaja kuwa kitanda cha mtoto. Mwaka 1949 wakaipanua kwa kila mama, mradi ahudhurie kliniki mapema. Wamaori wa New Zealand, waliokuwa wakifiwa zaidi kuliko majirani zao, walifuma kikapu bapa kwa majani, wakakiita wahakura, ili mtoto alale kando ya mama juu ya kitanda kile kile bila kulaliwa. Tetemeko la Christchurch la 2011 lilipovunja nyumba, familia ziligawiwa visanduku vya plastiki vya namna hiyo hiyo. Niliwakumbuka watu hao kwa ajili ya Kihoto. Ziwa Naivasha lilipopanda mwaka 2020 na kuingia nyumbani mwa watu, familia zilihama zikabanana kwa jamaa na popote palipopatikana paa, watoto wakilala katikati ya miili ya watu wazima. Sanduku bapa moja kwa kila mama mwenye kichanga lingekuwa msaada mkubwa kuliko nusu ya blanketi zinazogawiwa. Katoni imara, kavu na safi, yenye ukuta mfupi na godoro jembamba gumu linaloenea pembe zote, inafaa kuwekwa sakafuni mbali na mlango. Msichukue katoni za maua, maana waridi hupuliziwa dawa.

Ngazi ya pili: kama hakuna budi, mnalala kitanda kimoja, basi fanyeni kwa akili. Mtoto akae upande wa mama pekee, asiwe katikati ya mama na baba, na asikaribiane na yule wa miaka 3 anayerusha miguu. Mito iondolewe upande wake. Blanketi la wakubwa lisimfike. Angalieni mwanya kati ya kitanda na ukuta, kwa maana mtoto huteleza humo akabanwa. Vuteni kitanda au muweke godoro sakafuni. Na godoro lenyewe, kama limeingia bonde katikati kwa uzee, mtoto atabingirika kuelekea bondeni walipo watu wazima. Godoro gumu ndilo la mtoto hata kama wewe linakuuma mgongo.

Na kuna watu wasiolala na mtoto kitanda kimoja kabisa: aliyekunywa pombe, hata glasi chache za Jumamosi, anayevuta sigara, aliyemeza dawa ya kuleta usingizi, na wazazi wa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au akiwa na chini ya kilo 2.5. Hapo hakuna ngazi ya pili. Baba akirudi amechangamka, alale kwenye kochi peke yake, na asubuhi asinune.

Kochi nimelitaja kwa makusudi. Februari mnaijua. Wiki za kabla ya tarehe 14, waridi zinaitwa Ulaya kwa pupa, shifti zinarefuka, mnarudi usiku miguu imevimba. Mama anaketi kochini kumnyonyesha mtoto, anaegemea, macho yanafumba. Mtoto anateleza taratibu kati ya mwili wake na mgongo wa kochi, uso ukazama kwenye sponji. Hakuna mahali pa kulala na mtoto penye hatari kuliko kochi. Ni hatari mara nyingi kuliko hata kitanda cha pamoja. Ukijua umechoka kiasi cha kusinzia, nyonyesha kitandani palipoondolewa mito, ulale kwa ubavu ukimtazama, au mwambie mtu akae nawe akuamshe. Wala usiache kunyonyesha kwa hofu hiyo, kwa sababu mtoto anayenyonya ana kinga kubwa zaidi dhidi ya vifo hivi kuliko asiyenyonya. Baba ana kazi hapa. Wewe humnyonyeshi, lakini unaweza kumpokea akishiba, ukamcheusha, ukamlaza chali mahali pake, mama akalala.

Mtaniambia kichwa kitakuwa bapa kwa nyuma. Kinaweza, na mara nyingi hurudi sawa mtoto akianza kukaa. Mgeuzieni upande wa kichwa, leo kulia, kesho kushoto. Na mchana akiwa macho, mwekeni kifudifudi juu ya mkeka dakika chache mara kadhaa, mkimtazama, ajifunze kuinua shingo. Kifudifudi ni mchezo wa kuamka. Akifika umri wa kubingirika mwenyewe kwenda na kurudi, wengi kati ya miezi 4 na 6, mlazeni chali kama kawaida. Akijigeuza mwenyewe usingizini msikeshe mkimrudisha. Ila kumfunga mikono ndani ya shali kuishe mara tu anapoonyesha dalili ya kugeuka. Kumbeba mgongoni endeleeni, ni urithi wetu na mtoto anaupenda. Angalieni tu leso isimfunike pua, na kidevu kisibane kifua, hasa kwenye bodaboda ambako upepo hutufanya tumfunike kila mahali.

Mtoto akifa usingizini, mtaa una majibu tayari. Nusu watasema jicho baya, nusu watanong'ona kwamba mama alimlalia. La kwanza linamwondolea kila mtu wajibu, la pili linamwekea mama mzigo atakaoubeba mpaka kaburini, na mara nyingi hakuna aliyeona kilichotokea. Wako watoto waliolazwa sawasawa na bado wakafa, kwa sababu ya ile kengele niliyowaambia. Ukienda matangani usiulize alilalaje. Hilo ni swali la daktari. Wewe peleka maji na unga, na maziwa yakimjaa mama kifuani mtafutie mtu wa kliniki amweleze namna ya kuyatuliza.

Sasa ule mwezi niliowaambia muushike. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi 3 ya likizo yenye mshahara kamili, na baba wiki 2. Nashukuru kwa sheria hiyo, wengi wa rika langu hawakuipata. Lakini hesabuni. Mama anarudi kazini mtoto akiwa na miezi 3, yaani katikati kabisa ya kile kipindi kibaya. Kibarua wa msimu asiye na mkataba mara nyingi hurudi mapema zaidi, kwa sababu kodi ya nyumba haina likizo. Baadhi ya mashamba yana vituo vya kulea watoto, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Ulizeni, msione haya, muulize pamoja. Waliobaki, basi la shamba linapopiga honi alfajiri, mtoto anakimbizwa kwa mama wa jirani anayelea watoto kwa malipo ya siku. Nyumba hizo mnaziita beibi kea. Chumba kimoja, godoro moja au mawili, watoto kumi au zaidi, mlezi mmoja.

Siwatukani walezi hawa. Bila wao maua hayatoki Naivasha. Lakini fikirini mtoto aliyelazwa chali kwa miezi 3 nyumbani, halafu siku ya kwanza kwa mlezi analazwa kifudifudi ili anyamaze, kwa kuwa ni kweli kwamba watoto hulala fofofo zaidi kifudifudi, na kulala fofofo ndiko kunakokataa kuamka. Mtoto asiyezoea kifudifudi akiwekwa hivyo ghafla, hatari yake ni kubwa kuliko ya aliyezoea. Marekani, watafiti walipovichambua vifo hivi miaka ya 1990, walikuta kimoja kati ya vitano kilitokea mtoto akiwa na mlezi wa mchana, na takribani thuluthi ya hivyo vilitokea katika wiki ya kwanza ya kupelekwa huko. Wiki ya kwanza! Huenda wazazi walikuwa wamefanya kila kitu sawasawa nyumbani, na hakuna aliyemwambia mlezi.

Kwa hiyo mwambieni. Siyo kwa kumwachia ujumbe kwa kijana wake, bali uso kwa uso, kabla ya siku ya kazi. Mama, mwanangu analala chali. Hatumwekei mto. Hatumfuniki uso. Asipewe dawa ya mafua wala ya kikohozi ili alale. Akilia sana nipigie simu. Mwambieni kwa heshima, kwa maana ni mtu mzima na pengine amelea watoto wengi kabla yako, na mwelezeni ile habari ya njia mbili za shingoni. Kina mama wa kulea wanaelewa mambo wakielezwa. Wanachokataa ni kuamriwa na msichana wa miaka 20 aliyeshika simu.

Kisha siku moja ya mapumziko pita bila taarifa, saa ya usingizi wa mchana. Ukikuta watoto sita wamebanana kifudifudi kwenye godoro moja, usipige kelele wala usimchukue wako na kuondoka, ukawaacha wale watano. Wageuzeni chali mmoja mmoja, wewe na yeye. Ondoeni mashali. Jioni waulize kina mama wenzako, wale mnaopanda nao basi moja, kila mmoja atatoa ngapi ili pale kwa mlezi pawe na godoro gumu la pili na dirisha linalofunguka.